Babu alivuta tumbaku hadi miaka 91, kaka kapooza na 48. Mimi nishike lipi?

Kwako Muuguzi wetu,

Natumai u mzima. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mchomeleaji wa milango na madirisha, naishi mtaa wa Viwandani, Nairobi, na mke wangu na watoto wawili. Kwetu tumezaliwa watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na dada yetu ambaye yuko nyumbani Kitui.

Mwezi wa pili kaka alikuwa amekuja kwangu jioni, tunakunywa chai. Kikombe kikamponyoka. Tukacheka, tukadhani ni usingizi. Alipotaka kusema kitu mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka kama ya mlevi, na kaka pombe haonji. Mke wangu akampa maji, yakammwagikia kifuani. Jirani mmoja akasema ni upepo mbaya. Mwingine akasema tungoje kuche, kwa sababu usiku kutoka huku kwetu si mchezo. Tukangoja. Tulifika hospitali saa tatu asubuhi. Daktari akauliza ilianza saa ngapi, nikamwambia saa mbili usiku, akanyamaza. Kile kimya chake sijakisahau. Mpaka leo mkono wa kulia wa kaka haushiki kijiko.

Sasa wiki tatu zilizopita vijana wa utafiti walipita kwenye plot yetu na tableti zao. Walituhoji karibu saa nzima: chumvi tunaongeza mezani au la, sigara ngapi kwa siku, mboga na matunda mara ngapi kwa wiki, nani katika familia amewahi kupooza. Wakanipima kiuno kwa tepu, wakanipima uzito, halafu presha mara tatu: 164/100, 158/98, 156/96. Mmoja akaniambia niko kwenye hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo, akanipa karatasi niipeleke kituo cha afya. Karatasi iko chini ya godoro.

Muuguzi, mimi siumwi. Kichwa hakigongi, naamka saa kumi na moja, nabeba vyuma kutwa. Sigara navuta tatu au nne tu, za kununua mojamoja. Babu mzaa baba alivuta tumbaku tangu ujana, nyama ya mafuta hakuikataa, akafariki na miaka 91 akitembea mwenyewe. Kaka hajawahi kuvuta hata moja. Sasa hiyo hatari wanaisomea wapi? Nilipomuuliza yule kijana akaniambia mambo haya yaligunduliwa Marekani zamani. Mimi na Marekani wapi na wapi? Tena jirani ameniapia kwamba ukianza dawa ya presha huachi hadi kaburini, na mambo ya chumbani yanakwisha.

Dawa naziogopa, na kile kikombe nakiogopa. Nishike lipi?

Mchomeleaji, Viwandani

*

Ndugu yangu mchomeleaji, pole sana, na umfikishie kaka yako pole zangu.

Acha nianze na kile kimya cha daktari, kwa sababu naona umekibeba tangu Februari. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ikaziba mshipa wa ubongo, na inatakiwa iingie mwilini kabla ya masaa manne na nusu kupita tangu dalili ya kwanza. Hata hapo haitolewi kabla ya picha ya kichwa, ile CT skani, kuonyesha kwamba mshipa umeziba na haukupasuka. Kwa macho huwezi kutofautisha kuziba na kupasuka, ndiyo maana mtu wa namna hiyo asipewe aspirini nyumbani, na asipewe maji wala chakula, kwa kuwa koo nalo linaweza kuwa limelegea na maji yakaingia kwenye mapafu. Kikombe kuponyoka, mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika: ukiona hata moja limetokea ghafla, tazama saa, tafuta gari, usingoje kuche. Hamkujua, na majirani hawakujua. Sikuandikii haya ili ujilaumu. Nayaandika kwa sababu aliyepata kiharusi mara moja yuko karibu zaidi na cha pili kuliko wewe ulivyo karibu na cha kwanza, na nyinyi mnaoishi naye ndio mtakaokuwa pale.

Sasa babu. Nimefanya kazi ya kupima watu presha mitaani kwa miaka mingi, na sijui plot hata moja ambayo haina babu kama huyo. Kila mahali yupo mzee aliyevuta, akala mafuta, akazika madaktari wake. Wala sisemi kwamba mnadanganya. Lakini fikiria Outer Ring Road, si mbali na hapo ulipo. Kila siku kuna watu wanaokatiza barabarani chini ya daraja la miguu, na wengi wao jioni wanakula ugali nyumbani kwao kama kawaida. Ukimuuliza mmoja atakwambia, mimi navuka hapa miaka sita na sijaguswa. Anasema kweli. Ila ukikaa pale na daftari, ukahesabu wanaopita juu na wanaopita chini, mwaka mzima, daftari lako litakuonyesha jambo ambalo yeye hawezi kuliona kwa miguu yake miwili. Na wale waliogongwa hawapo kijiweni kusimulia. Wenzake babu waliovuta naye na kuanguka wakiwa na miaka 50 hawatajwi kwenu kwa sababu hakuna aliyeishi nao muda wa kutosha kuwakumbuka.

Utafiti huo unaoulizia ndio hilo daftari. Lile la Marekani lilifunguliwa mwaka wa 1948 katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Watu wazima 5,209 walikubali kupimwa, kisha kurudi kupimwa tena kila baada ya miaka miwili, na watafiti wakasubiri waone nani atapata nini. Uone walikotoka: miaka mitatu tu kabla ya hapo, Aprili 1945, rais wa nchi hiyo, Franklin Roosevelt, alikufa kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Mwaka mmoja kabla ya kifo daktari alikuwa amempima akakuta 186/108. Siku hizo madaktari wengi waliamini presha kupanda uzeeni ni jambo la kawaida, kwamba mishipa iliyozeeka inahitaji msukumo zaidi. Rais mzima, na waganga wake wote, na hakuna aliyekuwa na daftari la kumwambia vinginevyo. Kufikia 1961 wale wa Framingham walikuwa na majibu, wakaandika juu ya mambo yanayomtangulia mgonjwa miaka mingi kabla hajaugua: presha, kolesteroli (aina ya mafuta kwenye damu) ya juu na mengine. Mambo hayo sisi leo tunayaita vihatarishi.

Kihatarishi hakisemi utaugua. Kinasema ukichukua watu mia wenye nacho na mia wasio nacho, wanaofanana kwa mengine yote, kundi la kwanza litazika zaidi. Ni nani hasa kati ya hao mia, daftari halijui. Ndiyo sababu kaka yako asiyevuta aliweza kupooza na babu yako mvutaji akapona, na bado hesabu ikawa sahihi. Tena hebu nikuulize jambo: kaka hakuvuta, lakini je, kabla ya Februari aliwahi kupimwa presha?

Kuhusu Marekani na wewe, swali lako ni la haki, na watafiti wenyewe waliliuliza. Wale wa Framingham wengi walikuwa Wazungu wa mji mmoja. Fomula zilizotengenezwa kwao zilipopelekwa kwingine zilikosea, mahali pengi zikatoa hatari kubwa kuliko iliyopo. Kwa hiyo wakatoka nje. Mwaka wa 2004 ulitoka utafiti uitwao INTERHEART, ulioongozwa na daktari wa moyo Salim Yusuf, katika nchi 52 za kila bara, Afrika ikiwemo. Walichukua mtu aliyepata mshtuko wa moyo, wakamtafutia mwenzake wa umri na jinsia ile ile ambaye hakupata, wakafanya hivyo hadi wakafikisha watu karibu 30,000, kisha wakawalinganisha. Mambo tisa yalieleza zaidi ya sehemu tisa ya kumi ya mishtuko yote: sigara, mafuta mabaya kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, kutofanya mazoezi, na pombe ilivyonyweka. Baadaye wenzao wakafanya vivyo hivyo kwa kiharusi. Ripoti kubwa ya mwaka wa 2016, ya nchi 32, ilikuta mambo kumi yanayokaribiana sana na hayo yakieleza karibu asilimia 90 ya viharusi. Na hapa nakuomba utulie: presha peke yake ilibeba karibu nusu.

Watu huisoma hiyo asilimia 90 vibaya. Haina maana kwamba mwenye vihatarishi ana nafasi 90 kati ya 100 za kupooza. Maana yake ni kwamba, kama vihatarishi hivyo vingeweza kuondolewa kwa watu wote hao, karibu viharusi tisa kati ya kumi visingetokea. Moja inazungumzia mtu, nyingine inazungumzia umati. Nadhani yule kijana wa tableti hakukueleza tofauti hiyo, nawe ukatishika, halafu ukatafuta babu wa kukutuliza.

Tena usidhani Viwandani imesahaulika. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, kimekuwa kikifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa nini. Watu wa mitaa hiyo miwili waliingia pia kwenye utafiti wa AWI-Gen, uliopima karibu watu 12,000 wa miaka 40 hadi 60 katika nchi za Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Wakakuta tofauti kubwa ya presha kati ya mahali na mahali, hata ndani ya bara moja. Na mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kukadiria hatari ya miaka kumi kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwa na yake. Mhudumu akikuonyesha kwenye chati hiyo kwamba uko kwenye 10%, anamaanisha: kati ya watu 100 wa umri wako, jinsia yako, presha yako na sigara zako, 10 watapata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miaka kumi, na 90 hawatapata.

Tuje kwenye namba zako. Mpaka unaotumika kwa mtu mzima ni 140/90. Zako zote tatu ziko juu ya hapo, ila zilipimwa siku moja, mlangoni, na wageni, ukiwa pengine umetoka kubeba chuma. Nimeona mama mmoja presha yake ikishuka kwa zaidi ya 20 kwa kukaa tu kwenye stuli dakika tano mtoto akiwa ameondolewa mgongoni. Kwa hiyo zinahitaji kurudiwa siku nyingine. Usinywe chai wala kuvuta nusu saa kabla. Pitia chooni. Keti ukiegemea, miguu yote chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Lakini pia usitegemee sana kwamba zitashuka zenyewe. Mwaka wa 2002 watafiti waliunganisha tafiti 61 zenye watu milioni moja, wakakuta kwamba kati ya miaka 40 na 69, kuanzia 115/75 kwenda juu, kila mara namba ya juu (ile ya kwanza, kama 156 katika 156/96) ikipanda kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo huongezeka mara mbili. Kutoka 136 hadi 156 ni mlango mmoja wa namna hiyo, hatari mara mbili. Hauumi ukiupita. Wewe unasema huumwi kana kwamba huo ndio ushahidi wako, lakini hivyo ndivyo presha ilivyo kwa watu wengi. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa maishani.

Sigara zako tatu au nne. Najua hesabu yako: mtu wa pakiti anavuta 20, mimi navuta tatu, hatari yangu ni ndogo mara saba. Kwa mapafu hesabu hiyo ina ukweli kiasi. Kwa moyo haina. Tafiti zilipokusanywa pamoja mwaka wa 2018 zilionyesha kwamba hata sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayoibeba mvutaji wa 20. Kwa hiyo kupunguza kutoka nne hadi mbili hakukusaidii sana. Kuacha kabisa ndiko kunakolipa, na moyo huanza kupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza.

Chumvi: kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa kila kitu ulichokula tangu asubuhi. Hesabu mkate, smoki ya kachumbari, chipsi zinazonyunyiziwa mbele yako, mtura, na kile kidonge cha mchuzi kwenye sukuma. Kijiko kimeisha kabla hujafika kwenye kikopo cha mezani. Mwambie mama watoto akiondoe mezani kwanza, apike na dhania, tangawizi na ndimu, na ulimi utazoea baada ya wiki chache.

Jirani yako sasa. Amesema nusu ya kweli. Kweli watu wengi hunywa dawa ya presha kwa miaka, pengine maisha yote, kwa sababu dawa huishusha presha lakini haiondoi kinachoipandisha. Ukiacha, inarudi ilikokuwa. Huo si uteja. Kushusha namba ya juu kwa 10 tu hupunguza viharusi kwa zaidi ya robo. Kuhusu chumbani, ninyi wanaume hamsemi, mnaacha tu vidonge kimyakimya, nami nimewaona wakirudi wakiwa wamebebwa. Mishipa inayomhudumia mwanamume ni myembamba, na presha yenyewe, sigara na kisukari huiharibu mapema. Wengi waliolaumu dawa tatizo lilikuwa limeshaanza. Zipo dawa chache zinazoweza kuchangia, na zipo nyingine za kubadilishia. Dawa ya presha iitwayo amlodipini inaweza kukuvimbisha vifundo vya miguu, na nyingine, enalaprili, inaweza kukupa kikohozi kikavu. Lolote likikupata, mwambie mhudumu, hata kama ni la chumbani, mbadilishe, usiache mwenyewe.

Swali moja hukuliuliza, nami nalijibu kwa sababu nafikiri linakukera: kwa nini wanahangaika na wewe usiyeumwa, badala ya kumpa kaka yako fisioterapia, yale mazoezi ya kurudisha nguvu za viungo? Daktari Mwingereza Geoffrey Rose alieleza mwaka wa 1985 jambo ambalo bado watu hulisahau. Wenye hatari kubwa sana ni wachache. Wenye hatari ndogo ya ziada ni wengi mno, na kwa wingi wao, wagonjwa wengi hutoka kwao. Ukisubiri wale wa 200/120 peke yao, utaipita foleni nzima ya watu wa 150. Kaka yako anastahili fisioterapia, na kuidai ni haki yenu. Lakini waliokuja kwenye plot yenu walikuja kutafuta watu kama yeye alivyokuwa Januari. Wakirudi, una ruhusa ya kuwauliza majibu yako yanahifadhiwa wapi na yatatumika kwa nini, na una ruhusa ya kukataa wakati wowote bila kukosa huduma.

Toa ile karatasi chini ya godoro. Nenda nayo kituo cha afya wiki hii, asubuhi kabla ya kazi, na uombe presha irudiwe, sukari ipimwe, na kolesteroli kama wanayo mashine. Uwaambie kuhusu kaka, maana ndugu wa damu kupooza akiwa na 48 ni habari wanayoihitaji. Siku hiyo hiyo tazama dawa za kaka: je, anazinywa zote, au ziliisha Aprili na hakuna aliyezinunua tena? Ukijisikia kifua kimebanwa kama kimekaliwa, maumivu yakashuka mkono au kupanda taya, jasho baridi likakutoka, huo ni moyo, acha kazi hapo hapo na uende hospitali.

Na dada yenu wa Kitui umemtaja mara moja tu, kwenye mstari wa tatu. Hujasema kama amewahi kupimwa. Mpigie.